Kitabu kiliuzwa sana, mwandishi akabaki na madeni: je, niuze haki zote za riwaya yangu?

*"Shikamoo mwalimu. Nimekulia kwenye kwaya ya watoto kanisani, na wimbo wa 'Yesu Anipenda' tumeuimba tangu hatujajua kusoma. Juzi nimesoma mahali kwamba aliyeutunga ni Susan Warner, mwandishi wa Kimarekani aliyeandika riwaya iliyouzwa kuliko zote za zamani zake, na kwamba alikufa fukara kwa sababu mchapishaji alimdhulumu. Imenigusa kwa kuwa nami nimemaliza riwaya yangu ya kwanza. Ni ya maisha ya nyumbani tu: msichana aliyeachwa kwa shangazi yake. Rafiki yangu wa chuo ameisoma akasema hizo ni hadithi za machozi, si fasihi. Halafu kuna mchapishaji amekubali kuichapa, ila anataka kununua haki zote kwa malipo ya mara moja. Nina ada ya mdogo wangu ya kulipa Januari. Nikubali? Na huyo Susan ana lolote la kunifundisha?"*

Marahaba, binti yangu, na hongera. Watu wengi huanza riwaya, wachache huzimaliza.

Umeniuliza mambo matatu kwa mkupuo: kilichomfukarisha Susan Warner, kama hadithi ya jikoni na sebuleni ni fasihi, na kama utie saini. La mkataba ndilo lenye haraka, kwa hiyo nakwambia mapema: usisaini kwanza. Usikatae pia. Omba muda, kisha usome nilichokuandikia hapa, kwa sababu maisha ya mwanamke huyu yanagusa jambo lako kuliko unavyodhani, ila si kwa namna ile uliyosimuliwa.

Nianze na marekebisho. Maneno ya "Yesu Anipenda" hayakutungwa na Susan. Aliyeyatunga ni Anna, mdogo wake. Mwaka 1860 dada hao wawili walitoa riwaya waliyoiandika pamoja, *Say and Seal*, na ndani yake mna mtoto mgonjwa mahututi anayeimbiwa na mwalimu wake wa shule ya Jumapili. Beti zile zilikuwa sehemu ya kisa hicho. Miaka miwili baadaye, 1862, mtunzi wa muziki William Bradbury alizitia sauti na kuongeza kiitikio. Kwa hiyo kile kiitikio ambacho watoto wetu hukiimba kwa nguvu zote si cha Anna wala si cha Susan. Riwaya yenyewe leo haisomwi sana, lakini wimbo umesafiri na wamisionari hadi kwenye vitabu vyetu vya nyimbo.

La pili: riwaya ya Susan haikuwa iliyouzwa kuliko zote. *The Wide, Wide World* ilitoka Desemba 1850, ikachapwa mara 14 ndani ya miaka miwili, jambo ambalo wachapishaji wa Marekani walikuwa hawajalizoea. Lakini mwaka 1852 ilitoka *Uncle Tom's Cabin* ya Harriet Beecher Stowe, nayo ikaipita mbali.

La tatu ndilo lenye uzito kwako. Mchapishaji wake wa kwanza, George Putnam wa New York, hakumdhulumu. Alikuwa ndiye aliyekubali kuichapa baada ya wengine kuukataa mswada. Inasimuliwa kwamba hata yeye alisita, akampa mama yake ausome, na mama ndiye aliyesisitiza kitabu kitoke. Kama unatafuta mtu mmoja mbaya wa kumlaumu katika kisa hiki, hutampata. Utakuta deni, haraka, na sheria iliyokuwa na tundu kubwa.

Susan alizaliwa New York tarehe 11 Julai 1819. Baba yake, Henry Warner, alikuwa wakili mwenye uwezo, na nyumba yao ilikuwa na watumishi. Mama alifariki Susan akiwa bado mtoto, na malezi yakashikwa na shangazi yao Fanny, dada wa baba. Kisha ukaja mwaka 1837. Benki za New York zilisimamisha malipo ya dhahabu na fedha, bei za ardhi zikaporomoka, na watu waliokuwa wamekopa ili kununua viwanja wakajikuta na madeni yasiyo na kitu nyuma yake. Henry Warner alikuwa mmoja wao. Familia iliacha nyumba ya mjini ikahamia Constitution Island, kisiwa chenye miamba katika mto Hudson, ng'ambo ya chuo cha kijeshi cha West Point, kwenye nyumba ya zamani ya enzi za vita vya uhuru wa Marekani. Hapo ndipo wasichana waliozoea kuhudumiwa walipojifunza kupika, kufua na kulima bustani. Baba aliendelea na kesi na mipango ambayo haikuleta nafuu. Miaka zaidi ya 10 ikapita hivyo.

Anna aliandika baadaye jinsi uandishi ulivyoanza. Walikuwa wakifuta vyombo baada ya kula, wakizungumza habari ya fedha, na shangazi Fanny akamwambia Susan kwamba anaamini akijaribu anaweza kuandika hadithi. Basi. Anna kwa upande wake alibuni mchezo wa kadi za wanyama kwa ajili ya watoto, na dada hao wakawa wanazipaka kadi rangi kwa mkono, moja moja, ili Putnam aziuze. Nakueleza haya kwa sababu watu hudhani waandishi hawa walikuwa mabibi waliochoka kukaa bure wakashika kalamu. Kwa Susan kalamu ilikuwa kazi ya kulisha nyumba, tangu ukurasa wa kwanza.

Sasa niseme juu ya machozi. Rafiki yako hakuzua. Ellen Montgomery, yule mtoto wa *The Wide, Wide World*, analia sana, na kuna kurasa ambazo mimi mwenyewe husoma haraka. Lakini tazama analilia nini. Mwanzoni mwa kitabu mama yake ni mgonjwa, baba ameshindwa kesi na fedha zimekwisha, na wazazi wanalazimika kwenda Ulaya na kumwacha Ellen kwa shangazi wa kijijini asiyemjua. Kabla ya kuondoka, mama anatoka na binti yake, anaingia kwa sonara na kuiuza pete aliyoachiwa na mama yake mzazi. Kwa fedha hizo wanakwenda duka la vitabu kuchagua Biblia. Ellen anasimama mbele ya meza akiwa na Biblia kubwa, ndogo, za kati, anaipenda hii, anaiacha, anachukua nyingine, na mama amekaa hana haraka ingawa mwili unamuuma. Baadaye wananunua deski dogo la kuandikia na vifaa vya kushonea. Ukisoma polepole utaona mwandishi anakuonyesha bei. Kila kitu ambacho mtoto anakipata kimetoka kwenye pete moja, na pete haitarudi.

Kisha Ellen anafika kwa shangazi Fortune. Huyu hamnyimi chakula, wala silaha yake kubwa si fimbo. Anachukua soksi nyeupe ambazo mama alimpa na kuzitumbukiza kwenye rangi, kwa hoja kwamba soksi nyeupe zinachafuka upesi. Na barua ya mama ikija kutoka ng'ambo, anaiweka, hampi. Hapo ndipo mtoto analia. Nimefundisha riwaya za karne ile kwa muda mrefu, na sijaona maelezo makali kuliko haya ya jinsi mtu mzima anavyoweza kumtawala mtoto bila kuinua mkono. Mhakiki Jane Tompkins, katika kitabu chake cha 1985 kilichowarudisha waandishi hawa darasani, alieleza kwamba Ellen hana mamlaka juu ya chochote isipokuwa nafsi yake, na kwamba mafunzo yote ya kujizuia na kutii yamejengwa juu ya ukweli huo. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Kilio katika kitabu hiki ni cha mtu asiye na sauti mahali pengine popote.

Hayo hayakifanyi kitabu kiwe hakina kasoro. John Humphreys, kijana anayemlea Ellen kiroho na ambaye mwishoni tunaelewa atamwoa, ananitia wasiwasi kila ninapomsoma. Anamfundisha utii kama anavyomfunza farasi, na mwandishi anamsifu. Tena mwaka huohuo wa 1850 Marekani ilipitisha sheria ya kuwakamata na kuwarudisha watumwa waliotoroka, na mkondo wa hadithi hii haugusi jambo hilo. Harriet Beecher Stowe naye aliandika habari za jikoni, za akina mama na za vifo vya watoto, lakini akazitumia kuishtaki sheria hiyo. Kwa hiyo mtu akisema riwaya ya nyumbani haiwezi kubeba jambo kubwa, mwonyeshe Stowe. Na mtu akisema kila riwaya ya nyumbani inabeba, mwonyeshe sehemu hizi za Warner. Thamani iko katika macho ya mwandishi, haiko katika chumba anachokiandika.

Rafiki yako huenda amekutana na maneno ya Nathaniel Hawthorne, mwandishi wa riwaya wa Kimarekani wa wakati uleule, ambayo wanafunzi wa fasihi hupenda kuyataja. Mwaka 1855 aliandika barua kwa mchapishaji wake akilaani kundi la wanawake wanaoparaza kalamu na kuteka wasomaji wote. Wengi wanaoyataja hawajui mambo mawili. Kitabu alichokitaja kwa jina kilikuwa *The Lamplighter* cha Maria Susanna Cummins, si cha Warner. Na wiki chache baadaye alimwandikia mchapishaji huyohuyo akisifu *Ruth Hall*, riwaya ya mwanamke mwingine, ya nyumbani vilevile. Mwanamke huyo ndiye nataka umfahamu sasa, maana yeye aliletewa swali lako lilelile la mkataba.

Alijulikana kwa jina la kalamu la Fanny Fern. Alifiwa na mume akabaki na watoto, akaolewa tena ndoa ikavunjika, ndugu hawakumsaidia vya kutosha, akaanza kuandika makala fupi magazetini. Mwaka 1853 wachapishaji walitaka kuzikusanya ziwe kitabu, wakampa achague: dola 1,000 taslimu na haki zote ziwe zao, au senti 10 kwa kila nakala itakayouzwa. Dola 1,000 kwa mjane wa wakati ule zilikuwa fedha nyingi mno. Akachagua senti 10. Katika mwaka wa kwanza kitabu kiliuza nakala 70,000 hivi Marekani peke yake. Piga hesabu: dola 7,000. Mwaka uliofuata akaliingiza jambo hilo ndani ya *Ruth Hall*: mhusika wake anaahidiwa dola 800 kwa haki zote, anafikiri nyumba ikiwa haina kitu, kisha anakataa na kushika asilimia yake. Karibu na mwisho wa riwaya hiyo umechapwa mchoro kamili wa hati ya hisa za benki, zenye jina lake. Sijui riwaya nyingine ya enzi ile iliyomwonyesha msomaji mali ya mwanamke waziwazi hivyo.

Susan Warner alikwenda njia nyingine. Mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika kila nakala inayouzwa, hulipwa kwa vipindi, baada ya mauzo, na mdai wa baba yake hakuwa mtu wa kungoja vipindi. Kwa hiyo kadiri miaka ilivyokwenda, dada hao waliuza haki za vitabu vyao kwa malipo ya mara moja, ili fedha ipatikane leo. Kilichoingia kikapita moja kwa moja kwenye madeni ya baba. Kwa mujibu wa sheria Susan, akiwa hajaolewa, alikuwa na haki ya jasho lake kuliko wake wengi wa wakati huo, ambao mapato yao yalihesabiwa kuwa ya waume. Lakini sheria haikumzuia binti kumlipia baba madeni, na dhamiri yake ilimwamuru alipe. Ng'ambo nako kitabu kilichapwa na wachapishaji wengi wa Uingereza, kikauzwa sana, na sehemu kubwa ya mauzo hayo haikumletea kitu, kwa kuwa Marekani na Uingereza hazikuwa na makubaliano ya hakimiliki. Marekani ilikuja kurekebisha sheria hiyo 1891. Susan alikuwa amekwisha kufariki, tarehe 17 Machi 1885, akiwa ameandika karibu hadi mwisho.

Kwa hiyo kilichofanya kazi pale ni hiki. Anayenunua haki zote ananunua pia muda wako. Yeye anaweza kungoja miaka 10 kitabu kipate wasomaji, wewe huwezi kungoja Januari. Tofauti hiyo ya kuweza kungoja ndiyo inayopanga bei, zaidi ya ubora wa mswada.

Turudi kwako basi. Sitakwambia kwamba mrabaha ni bora siku zote, maana si kweli. Fanny Fern alikuwa tayari na jina magazetini, wewe ndiyo unaanza. Tuseme kitabu chako kitauzwa shilingi 10,000 na mrabaha ni asilimia 10. Ikihesabiwa kwa bei ya jalada, kila nakala inakupa shilingi 1,000. Ikihesabiwa kwa kile mchapishaji anachopokea baada ya punguzo la maduka, tuseme asilimia 40, inakupa 600. Angalia tofauti hiyo kwenye mkataba, imefichwa kwenye neno moja au mawili. Kwa hesabu ya kwanza, malipo ya mara moja ya shilingi milioni moja ni sawa na nakala 1,000. Riwaya nyingi za Kiswahili za waandishi wapya huchukua muda mrefu kufika hapo, nyingine hazifiki. Ukilitazama kwa macho hayo tu, fedha taslimu si ujinga.

Hofu yangu ni "haki zote". Kwetu Tanzania, na Kenya pia, hakimiliki ya kazi ya fasihi hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Kitabu kikichaguliwa kusomwa shuleni, kikitafsiriwa, kikifanywa mchezo wa redio au filamu, kikiuzwa kwa simu, wewe uliyeuza haki zote utakuwa nje ukitazama. Na mambo hayo hayatokei mwaka wa kwanza.

Kati ya kuuza vyote na kungoja mrabaha kuna njia ya katikati, na hiyo ndiyo ningeijaribu kwanza: omba malipo ya awali yatakayokatwa kwenye mrabaha wako. Taja kiasi cha ile ada, usitaje cha kujenga nyumba. Mpe mchapishaji haki ya kuchapa kwa Kiswahili kwenye karatasi kwa miaka maalumu, na ubakize kwako haki za tafsiri, filamu na redio. Weka kipengele kwamba kitabu kikiisha sokoni na yeye asichape tena ndani ya muda mtakaokubaliana, haki zinarudi kwako. Dai taarifa ya mauzo ya maandishi mara mbili kwa mwaka. Akikataa yote kabisa, basi jadili bei ya kuuza ukijua unachouza, na hata hapo jaribu kuokoa haki za filamu na tafsiri. Akikwambia hakuna mwandishi aliyewahi kuomba haya, mwombe akupe nakala ya mkataba uende nayo nyumbani. Mchapishaji mwadilifu hatakunyima.

Hapo ndipo nami ninaposhika mpaka wangu. Mimi ni mwalimu wa fasihi, naweza kukueleza mkataba wa Fanny Fern, siwezi kukusomea wa kwako nisioushika mkononi. Upeleke kwa wakili kabla ya kusaini. Kama wakili ni gharama, nenda mwenyewe Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ukiwa na nakala ya mkataba na mswada wako, uwaulize vipengele usivyovielewa na utaratibu wa kuisajili kazi. Aliye Kenya aende KECOBO, ofisi ya hakimiliki ya huko. Mswada wako unalindwa na sheria tangu ulipouandika, lakini usajili husaidia siku ya ubishi. Na ukiona unashinikizwa usaini papo hapo, au umewekewa karatasi yenye nafasi zilizoachwa wazi, inuka uondoke.

Kuhusu ada, nenda shuleni kwa mdogo wako mapema, kabla ya Januari, umwombe mkuu wa shule akupangie kulipa kwa awamu. Shule nyingi hukubali ukiwahi. Ukipata hata muhula mmoja wa nafasi, utarudi kwa mchapishaji ukiwa na kitu ambacho Susan Warner hakuwa nacho.

Umesema alikufa fukara. Alikufa bila raha ya fedha, hilo ni kweli, lakini dada hao hawakuachia kisiwa. Kila Jumapili waliwafundisha Biblia wanafunzi wa West Point, na wote wawili wamezikwa kwenye makaburi ya chuo hicho. Anna aliishi hadi 1915. Wafanyabiashara walikuwa wamempa bei kubwa za kisiwa, akakataa, na mwaka 1908 akakubali dola 150,000 kutoka kwa Margaret Olivia Sage, mjane tajiri, ili kitolewe kwa serikali kiwe cha West Point, naye akae humo hadi kufa.

Kama utataka kusoma *The Wide, Wide World*, tafuta toleo la Feminist Press la 1987. Lina sura ya mwisho ambayo haikuchapwa mwaka 1850, ambamo Ellen, sasa mke, anaonyeshwa chumba chake mwenyewe na fedha alizowekewa azitumie. Isome sambamba na ile ya kuuza pete, kisha urudi kwenye mswada wako utazame shangazi uliyemwandika anashika nini mkononi, na msichana wako anashika nini.

Niandikie tena ukishaonana na wakili.